Upande wa Nanga

Karakana ilikuwa na kanuni moja, na haikuandikwa popote. Ubao hautoki mpaka watu wawili wa nyumba wameukalia.

Ubao wenyewe ni ule wa kuchezea watoto. Mti mrefu, katikati mhimili wa chuma, huku kiti na huku kiti. Huyu akishuka, yule anapanda. Fundi alitengeneza hizo tangu ujana wake. Za shule za chekechea, za bustani, za viwanja vya hospitali. Alikuwa mwembamba. Mwembamba wa kuzaliwa, si wa njaa. Mkanda wa suruali yake aliutoboa matundu ya ziada kwa msumari. Watu walimwita Unyoya. Akaitika, maana jina likishakukaa huna pa kulipeleka.

Mkewe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa humo humo karakanani, dirishani, penye mwanga. Huyo alikuwa mnene. Si mnene wa kujificha. Akiingia chumbani, chumba kinajua. Unyoya alimwita Nanga, na mwenyewe alilipenda.

Ubao ukikamilika, Unyoya alifuta vumbi viti vyote viwili, akasema, "Haya, mama." Nanga aliacha cherehani, akakusanya gauni lake, akakaa. Unyoya akaenda juu kama mtu aliyeitwa darini.

Huko juu alisikiliza. Mlio wa katikati ni grisi. Mlio wa kiti ni skrubu. Ubao usiolia ni ubao uliokamilika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, na ilichukua muda mfupi tu. Muda mwingine wote ulikuwa wa Nanga, maana akishampandisha hakumshusha upesi.

"Bomba la jikoni linavuja," alisema.

"Nitalitengeneza."

"Lini?"

"Wiki hii."

"Wiki hii ni ndefu, baba."

Unyoya alitazama miguu yake inavyoning'inia. "Kesho."

Hapo Nanga alinyanyuka polepole, kama amekalia mayai, na mumewe akateremka.

Mambo ya nyumba yaliamuliwa hivyo. Rangi ya ukuta. Nani aalikwe, nani asialikwe. Hata masomo ya binti yao. Unyoya alitaka binti ajifunze kutandika viti sponji, kazi iko pale pale mlangoni. Nanga alitaka aendelee na shule mpaka shule zenyewe ziishe. Siku hiyo Unyoya alikaa juu mpaka chakula kikapoa. Binti akaendelea na shule.

Nanga alifariki mwaka jana, mvua zilipoanza. Watu walikuja, watu wakaenda.

Tangu hapo hakuna ubao uliotoka. Unyoya alitengeneza meza, stuli, na bembea za kamba za mtoto mmoja. Aliyetaka ubao aliambiwa, "Mbao hazijakauka." Mwalimu mkuu wa chekechea ya mtaa wa pili alikuja, akarudi, akarudi tena.

"Fundi, mbao gani hizi hazikauki mwaka mzima?"

"Zina unyevu wa ndani, mwalimu."

Nyuma yake mbao ziliegemea ukutani, kavu kama biskuti.

Cherehani ilibaki dirishani, imefunikwa kitambaa cha maua, masalio ya gauni la mwisho alilojishonea. Unyoya alifagia kuizunguka. Hakuigusa.

Jambo lingine lilimsumbua, dogo. Pimamaji yake ilipotea, ile ya kupimia kama kitu kimelala sawa. Aliitafuta kila mahali. Mwisho akaamua imechukuliwa na shemeji yake, ndugu wa Nanga, muuza matairi wa mlango unaofuata. Hakuwa na ushahidi. Alikuwa na uhakika tu. Mwaka mzima alipimia chupa ya maji iliyojazwa nusu, na kila shemeji alipopita, aliinua ile chupa juu kidogo, ionekane.

"Shemeji, una kiu?" muuza matairi aliuliza.

"Wewe unajua nina nini," alijibu Unyoya.

Binti naye alikuwa chuo kikuu, si kusoma tena bali kufanya kazi. Alirithi wembamba wa baba na ubishi wa mama. Kazi yake Unyoya aliieleza hivi kwa wateja: "Anatafuta kitu."

"Amepoteza nini?"

"Hajapoteza. Hajakipata bado."

Mchana mmoja binti aliingia karakanani na mkoba wake begani. Hata hakukaa.

"Baba, nataka ubao."

"Mbao hazijakauka."

"Si wa watoto. Nataka ubao wa nyutrino."

Unyoya akaweka randa chini. "Nyutrino ana kilo ngapi?"

"Hapo ndipo penye shida," alisema binti, akavuta stuli.

Chuo kilikuwa na siku ya wageni kila mwaka, kila idara na meza yake. Mwaka uliopita binti alibandika karatasi ukutani, zenye michoro na maneno mengi. Meza ya jirani ilikuwa na tufe la umeme; ukiligusa nywele zinasimama. Mji mzima ulikwenda kusimamishwa nywele. Kwa binti alikuja bibi mmoja tu, akauliza choo kiko wapi. Sasa mkuu wa idara amesema, mwaka huu meza ikikosa watu tena, nafasi wanapewa wale wa nywele.

"Na hicho kitu chako ni nini hasa?" Unyoya aliuliza. "Niambie kama unamwambia yule bibi."

"Ni chembe. Ndogo kuliko chochote unachokijua."

"Kuliko vumbi la msasa?"

"Vumbi la msasa kwake ni mlima. Nyingi zinatoka kwenye jua. Sasa hivi zinapita mwilini mwetu. Kwenye ukucha wa kidole gumba peke yake, mabilioni kila sekunde."

Unyoya alitazama ukucha wake. Ulikuwa mweusi, lakini hiyo ilikuwa nyundo.

"Zinatoboa mbao?"

"Hazitoboi. Zinapita tu."

"Basi hazinihusu."

"Subiri, baba. Zamani wataalamu walidhani hazina uzito hata kidogo. Sisi tunasema tungamo, lakini uzito utatutosha. Halafu wakagundua ziko aina tatu, na zikiwa njiani zinabadilika. Imeondoka hii, inafika ile. Na kitu kisicho na uzito kabisa hakiwezi kubadilika njiani namna hiyo. Kwa hiyo uzito zinao."

"Kidogo."

"Kidogo mno. Chukua elektroni, nayo ni nyepesi. Igawe vipande milioni. Kila kipande bado ni kizito kuliko nyutrino."

"Kwa nini?" aliuliza Unyoya, na papo hapo akajua amejiponza. Ukimuuliza msomi kwa nini, hutoki mapema.

Lakini binti hakutoa karatasi. Alichukua rula ya baba yake, akailaza juu ya penseli.

"Hakuna anayejua kwa hakika. Ila kuna wanaosema hivi. Nyutrino ina mwenzake, mzito sana. Wamekaa ubao mmoja." Akabonyeza ncha moja ya rula. Ncha nyingine ikainuka. "Mwenzake anavyozidi kuwa mzito, ndivyo yeye anavyozidi kuwa mwepesi. Yuko juu kwa sababu yule yuko chini."

Unyoya aliitazama rula. Kisha akatazama kwingine, akakuta dirisha, akaacha kutazama na huko.

"Na huyo mwenzake yuko wapi?"

"Hajaonekana."

"Hajaonekana na nani?"

"Na mtu yeyote. Ndiye ninayemtafuta."

"Unamtafuta humo chumbani mwenu chuoni, msimo na dirisha?"

"Kuna mtambo, baba, nchi za mbali. Njia ya mviringo chini ya ardhi, kuizunguka kwa miguu ni kazi ya siku. Protoni zinakimbizwa humo, hizi zinakwenda huku, hizi zinakuja huku, mpaka zinagongana uso kwa uso. Zikigongana kwa nguvu ya kutosha, nguvu yenyewe inaweza kuzaa kitu kizito. Kinaishi muda mfupi, kinavunjika. Sisi tunatumiwa habari za vipande."

"Utajuaje ni vipande vyake, na hujawahi kumwona?"

Binti alifikiri. "Ukikuta viatu viwili mlangoni, cha kushoto na cha kulia, unasemaje?"

"Nina mgeni."

"Ukikuta viwili, vyote vya kushoto?"

"Nina mlevi."

"Basi sisi tunatafuta viatu vya kushoto vitupu. Elektroni mbili za chaji ileile, mahali ambapo kwa kawaida hutoka moja ya chaji hii na moja ya chaji ile. Tukizikuta za kutosha, tunajua amepita."

"Mlevi."

"Mzito, baba."

Mlangoni kivuli kikubwa kilizuia mwanga. Muuza matairi alikuwa na umbo la ukoo wao. "Nimesikia mnataja mlevi," alisema, "nikajua naitwa."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama msomi. Umekipata kile kitu?"

"Bado."

"Muulize baba yako. Yeye akikosa kitu anajua mara moja nani kakichukua."

Unyoya akainua chupa yake ya maji.

Binti alirudi kwenye shauri lake. Alitaka ubao wa kweli, mkubwa. Upande mmoja uwe mzito sana, aufiche nyuma ya ukuta wa plaiwudi. Mbele waone upande mwepesi tu, uko juu, hauna kinachoushika. Wajiulize wenyewe. Kisha watoto wauvute chini. Wakiwa wachache, hakuna kitu. Wakiwa wengi, wakavuta kwa pamoja, yule mzito wa nyuma atachungulia juu ya ukuta kidogo, atapotea. Huo ndio mtambo. Nguvu ikitosha, anaonekana. Isipotosha, huoni kitu, naye yupo palepale.

"Mbao hazijakauka," alisema Unyoya.

Binti alikwenda ukutani, akaugonga ubao mmoja kwa kidole. Ukalia kama sahani. Akamtazama baba yake. Baba alikuwa anatazama dari.

"Huo ni mmoja tu," alisema Unyoya.

"Ninataka mmoja tu."

Muuza matairi alicheka, akarudi kwa matairi yake.

Unyoya akaingia kazini. Aliuchagua ubao, akaupiga randa, akaupiga msasa, akaupaka vanishi, akaupiga msasa tena. Mikono ilifurahi bila kumwomba ruhusa. Kuna wakati alijisikia anapiga mluzi, akaacha. Upande wa mzito alitengeneza kisanduku cha kuwekea mifuko ya mchanga. Upande wa mwepesi aliweka kiti kizuri chenye mgongo, kwa heshima ya mgeni asiyejulikana uzito wake.

Ijumaa mchana binti akaja na mjomba wake na pikapu ya matairi. Maonyesho yalikuwa kesho yake. Ubao ulikuwa katikati ya karakana, mifuko ya mchanga imo kisandukuni, kiti kimefutwa. Na ubao wote ulikuwa umelala sawa kama maji kwenye beseni.

"Baba," alisema binti. "Mbona uko sawa?"

"Ahsante."

"Hapana, baba. Upande wa mwepesi ulitakiwa uwe juu."

"Uliniambia upande mmoja ni mzito. Nikausogeza mhimili karibu na mzito, wakalingana. Miaka yote wazazi wananiletea shida hiyo. Mtoto mmoja mnene, mwingine mwembamba. Dawa yake ni hiyo."

Muuza matairi alitafuta pa kukaa ili acheke vizuri. "Wataalamu wa dunia nzima hawalali," alisema, "wanataka kujua nyutrino iko juu kwa nini. Shemeji yangu kaishusha kwa spana."

Unyoya hakucheka. Alikuwa amekumbuka kitu. Mwaka wa kwanza wa ndoa alimfanyia Nanga hivyo hivyo. Alikuwa anaona haya kupaa mbele ya wateja. Akausogeza mhimili karibu na kiti cha mkewe. Nanga akakaa. Ubao ukalala sawa, wakatazamana macho kwa macho kama wasafiri wasiojuana. Nanga akasema, "Huu hauna raha. Rudisha."

Alirudisha. Na sasa alichukua spana, akalegeza nati, akaurudisha mhimili katikati. Mifuko ikashuka kwa kishindo, kiti kikaenda juu.

"Huo ndio," alisema binti. "Mjomba, shika kule tuupakie."

"Hautoki," alisema Unyoya.

Wakamtazama.

"Haujakaliwa."

Hakuna aliyeuliza maana yake. Muuza matairi alivua kofia, akairudisha. Binti alitazama mifuko ya mchanga.

"Mchanga haukusikilizi," alisema Unyoya. "Mchanga hauwezi kukuambia kiti kinacheza. Wanakuja watoto wa watu. Hautoki bila kukaliwa na wawili wa nyumba hii."

"Basi nikae mimi," alisema muuza matairi. "Uzito wa ukoo huu hapa."

"Wewe si wa nyumba hii. Wewe ni wa nyumba ya pili."

"Mimi ndugu yake, shemeji."

"Na pimamaji yangu?"

"Haya, tumerudi kwenye pimamaji."

Binti alikuwa amekwisha kutoa mifuko kwenye kisanduku. Aliitoa yote, akajipangusa mikono, akakaa yeye. Hakuomba. Upande ule, wa ubao wowote, ulikuwa haujakaliwa na mtu tangu mama yake. Unyoya alisimama kidogo na kitambaa cha vumbi mkononi. Kisha akakifuta kiti chake, ingawa kilikuwa safi, akakaa.

Hakuna kilichotokea. Ubao ulisita, ukalala sawa. Baba na binti, nyoya mbili, miguu yao ikigusa sakafu kwa vidole. Walitazamana macho kwa macho.

"Huu hauna raha," alisema binti.

Binti hakuwa amezaliwa bado wakati mama yake aliposema maneno hayo. Labda mama alimsimulia. Labda ni damu tu. Unyoya alishika kiti kwa mikono miwili.

"Nahitaji kitu kizito," alisema binti. "Mjomba, niletee tairi."

"Tairi litachafua ubao," alisema Unyoya upesi.

"Niletee mchanga basi."

"Mchanga si wa nyumba hii."

"Kitu gani kizito cha nyumba hii, baba?"

Wote watatu walijua kilipo. Kilikuwa dirishani, na hakuna aliyekigeukia.

Muuza matairi ndiye aliyesema, safari hii bila utani. "Dada yangu asingependa kazi ilale kwa sababu yake."

Unyoya aliachia kiti alichokishika. Kisha akasema, "Usikivue kitambaa chake."

Muuza matairi alikwenda dirishani. Alikifungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, chuma kitupu, na kitambaa kikiwa juu yake. Akakibeba kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala. Akakiweka mapajani mwa binti.

"Uuh," alisema binti, akashuka.

Unyoya akaenda juu.

Alikuwa amesahau. Tumbo linavyobaki nyuma kidogo. Miguu inavyokuwa myepesi. Sakafu, na vumbi la mbao, na utosi wa aliyekaa chini, na nywele zimegawanywa katikati vilevile. Na kabati la vifaa, ambalo huwezi kuona juu yake ukiwa umesimama chini.

Juu ya kabati, katika vumbi la mwaka mzima, ililala pimamaji.

Aliitazama. Akakumbuka vizuri kabisa. Ubao wa mwisho, wa bustani ya hospitali. Alipanda nayo mkononi. Nanga alimweka juu muda mrefu kwa ajili ya bomba la jikoni, mkono ukachoka, akaitua pale. Kisha Nanga alimshusha, na pimamaji ikabaki.

Alinyoosha mkono, akaichukua. Akaipuliza vumbi. Tone la hewa lilikwenda huku, likarudi huku, likatulia katikati.

"Umepata nini huko?" aliuliza muuza matairi.

Unyoya aliificha nyuma ya mgongo. Ukiwa juu namna ile hakuna mgongo wa kuficha kitu.

"Aha," alisema muuza matairi. Akavuta stuli, akakaa, akakunja mikono. "Mama msomi, usimshushe kwanza."

"Simshushi, mjomba."

"Mwaka mzima naonyeshwa chupa."

"Mnanichelewesha kazi," alisema Unyoya.

"Hatuna haraka," alisema binti. Alikuwa anatweta na chuma mapajani, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyekaa vizuri. "Mwambie mjomba, baba."

"Mguu unakufa ganzi."

"Utaamka ukisema."

Unyoya alitazama dari, haikumsaidia. "Shemeji," alisema. "Hukuichukua."

"Sijasikia vizuri, uko mbali."

"Nilikusingizia. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila ile chupa naitaka, niiweke dukani."

Binti alikuwa anataka kunyanyuka. "Ngoja," alisema Unyoya. "Na mkimkosa?"

"Nani?"

"Huyo mzito wenu."

Binti aliiweka sawa cherehani mapajani. "Tukimkosa, tutajua si wa uzito huu tuliopima. Labda ni mzito zaidi, mtambo wetu haufiki. Au labda habari yenyewe si ya ubao kabisa, ni nyingine tusiyoijua."

"Na mtaacha kumtafuta?"

"Hapana. Nyutrino si ziko juu? Lazima ziwe na sababu."

Unyoya aliinamisha sikio. Chini yake, katikati, kitu kililia kidogo, kama panya.

"Grisi," alisema.

Wakamshusha. Akautia grisi mhimili, akapanda tena, na safari hii ubao haukulia. Ukapakiwa. Mifuko ya mchanga ilitangulia garini. Muuza matairi alikuwa anafunga kamba aliposikia nyuma yake, "Chukua na cherehani." Akageuka. Unyoya alikuwa ameshaibeba mwenyewe, na kamba nyingine begani. "Nitaifunga mimi," alisema. "Nyie mnafunga kama matairi."

Siku ya wageni, meza ya nywele ilianza vizuri kama mwaka uliopita. Kwa binti palikuwa na ukuta wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeusi, na juu yake, mbele, mzee mwembamba mwenye suti amekaa hewani. Mifuko ilikuwa nyuma, na juu yake cherehani na kitambaa chake, vimefungwa kamba fundo juu ya fundo. Binti alikuwa amepanga kiti kiwe kitupu. Unyoya alikuwa amesema kiti kitupu hakisikilizi.

Mtu hawezi kupita mzee aliyekaa hewani bila kuuliza. Watu wakaanza kuacha foleni ya nywele.

"Mzee ni nani?"

"Mimi ni nyutrino," alijibu Unyoya, kama alivyofundishwa.

"Una kilo ngapi?"

"Hapo ndipo penye shida."

Binti alieleza, kwa rula na penseli, na watu walisikia. Watoto walikamata kamba iliyoning'inia chini ya kiti. Watatu wakavuta. Kimya. Wakaitana wengine. Wakavuta tena, wakazomeana, wakaongezeka, mwisho wakajaa hata waliokuwa na nywele zilizosimama bado. Unyoya akashuka kidogo. Na juu ya ukuta mweusi, kwa kufumba na kufumbua, kitambaa cha maua kilichungulia, kikarudi chini.

"Kimeonekana," watoto walisema.

Unyoya alikuwa ndiye aliyekaa mahali pazuri zaidi pa kukiona. Alijipangusa uso kwa mkono wa koti. Akasema, "Vuteni tena."

Walivuta mpaka mikono ikachoka. Msichana mmoja mdogo alibaki chini ya kiti chake, amekunja uso.

"Babu, nani yuko kule nyuma?"

"Mzito."

"Sasa hivi hatumwoni. Unajuaje hajaondoka?"

Unyoya alitazama viatu vyake, na sakafu iliyokuwa mbali chini ya viatu vyake.

"Mimi niko wapi?" aliuliza.

"Juu."

"Basi."

Msichana aliridhika, akaenda kusimamishwa nywele. Nyuma yake alikuwa amesimama mwalimu mkuu wa chekechea, mkoba kwapani. Alikuwa ametazama muda mrefu. Aliugonga ubao kwa kidole, ukalia kama sahani.

"Fundi," alisema. "Naona huu umekauka."

"Huu ni wa sayansi, mwalimu."

"Na zile zangu?"

Unyoya alifungua mdomo kusema lile neno lake. Binti alikuwa nyuma ya ukuta, ameshika mfuko wa kwanza wa mchanga, tayari kuutoa ili baba yake ateremke akapumzike. Aliurudisha ulipokuwa. Akauegemea.

"Mwalimu anakuuliza, baba," alisema.

Unyoya alisubiri. Alijua kusubiri hakusaidii. Alikwishajaribu miaka mingi. Chini, muuza matairi alikuwa anakunywa maji kwenye chupa anayoijua.

"Zimekauka," alisema.

Ndipo akashushwa.